Voluptas, gaudium au laetitia? Neno la Kilatini la kuchagua unapotaka kusema raha

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Tunaomba utuangalizie maandishi haya kabla hatujapeleka kiwandani."

Ujumbe ulitoka kwa katibu wa kwaya moja iliyokuwa ikijiandaa na jubilei ya miaka 25. Ulikuja na picha ya sampuli ya kitenge: samawati iliyokolea, msalaba katikati, na kwenye pindo, kwa herufi za rangi ya dhahabu, VOLUPTAS DOMINI. Walitaka kusema "Furaha ya Bwana". Mmoja wao alitafuta kwenye simu Kilatini cha "raha", neno la kwanza kutokea likawa hilo, wakaliunga na Domini wanalolijua kutoka kwenye nyimbo.

Nilimpigia simu saa ileile. Kisarufi hapakuwa na kosa hata moja. Shida ilikuwa kwamba katika Biblia ya Kilatini, ile Vulgata iliyosomwa kanisani kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuna mahali dominus na voluptas yanakutana katika sentensi moja na maana yake si ya kanisani, Mwanzo 18:12. Sara amesikia kwamba atazaa mtoto, anacheka moyoni: "Postquam consenui, et dominus meus vetulus est, voluptati operam dabo?" Nimekwisha kuzeeka, na bwana wangu ni mzee, leo nirudie mambo ya raha? Raha anayoisema Sara ni ya chumbani, na huyo dominus ni mumewe. Padre yeyote aliyesoma Kilatini chake vizuri akikiona kitenge kile, mawazo yatamkimbilia huko kabla hajajizuia.

"Yaani tungevaa hivyo mbele ya Askofu?" aliuliza.

Wakabadilisha. Pindo likaandikwa GAUDIUM DOMINI FORTITUDO NOSTRA, furaha ya Bwana ni nguvu yetu, kutoka Nehemia 8:10. Lakini kabla hajakata simu katibu aliuliza swali ambalo limenikaa mpaka leo: "Sasa Mwalimu, kama raha siyo voluptas, ni nini?" Ukweli ni kwamba raha ni voluptas, mara nyingine. Mara nyingine ni gaudium, mara nyingine laetitia, na kuna wakati ni neno ambalo halimo kati ya hayo. Anayetaka kuandika kadi, kaulimbiu ya shule, jina la mtoto au tafsiri ya maana anahitaji kuyaweka maneno haya bega kwa bega, ayaone yanavyoachana.

Kwanza ujiulize: raha ipi?

Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Raha ni neno lililotoka Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni mapumziko. Starehe nayo imechipuka kwenye shina hilohilo. Ndiyo maana tukimwombea marehemu tunasema "Raha ya milele umpe, ee Bwana", na hakuna mtu msibani anayefikiria ngoma wala pilau. Sala hiyo kwa Kilatini inasema "Requiem aeternam dona ei, Domine". Mahali pa raha pamekaa requies, pumziko. Vivyo hivyo Mathayo 11:29: sisi tunasoma "nanyi mtapata raha nafsini mwenu", Vulgata inasema "invenietis requiem animabus vestris". Kwa hiyo ikiwa raha unayoikusudia ni ya mtu aliyetua mzigo kichwani, aliyemaliza deni, aliyelala bila homa baada ya siku tatu za homa, usiiguse voluptas. Andika requies, au quies.

Voluptas inatoka upande mwingine kabisa. Shina lake ni lile la kitenzi velle, kutaka. Katika Kilatini cha zamani, kwenye michezo ya kuchekesha ya Plautus aliyefariki 184 KK, watu wanasema "volup est" wakimaanisha "inanipendeza, ndivyo nilivyotaka". Kwetu raha inaanza mzigo ukishuka. Kwa Mrumi voluptas inaanza pale kitu ulichokitaka kinapofika mkononi, mdomoni, machoni. Ukilishika hilo moja, nusu ya kazi ya kuchagua umeimaliza.

Wapo waliobishana juu ya jambo hili hasa, na ubishi wao ni mtamu. Mwaka 45 KK Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, aliandika kitabu kinachoitwa De finibus bonorum et malorum, akimpinga Epicurus, Mgiriki aliyefundisha kwamba raha ndiyo lengo la maisha. Katika kitabu cha pili Cicero anamhoji Torquatus, mtetezi wa Epicurus, kwa mfano wa mtu mwenye kiu. Je, mwenye kiu anapokunywa maji, ana voluptas? Nani atakataa, anajibu Torquatus. Na kiu ikishakatika, voluptas ni ileile? Hapana, anasema, hiyo ni ya aina nyingine: ya kwanza imo katika mwendo, ya pili imo katika utulivu. Cicero hakubali. Mbona mambo mawili yasiyofanana mnayaita jina moja? Kwa Kilatini, anasema, voluptas ni ule msisimko mtamu unaogusa hisi. Kutoumwa ni kutoumwa tu.

Nikifika kwenye ukurasa huu na wanafunzi huwa nawaomba wafunge kitabu, nawauliza: mtu amekwisha kunywa, kiu imekatika, ameegemea shina la mwembe, hana njaa, hadaiwi na mtu, tunasemaje? Wanajibu wote kwa pamoja: yuko raha mustarehe. Hapo ndipo ninapoona Kiswahili kinafika mahali ambapo Kilatini cha Cicero kiligoma. Neno letu linambeba Epicurus kwa urahisi zaidi kuliko voluptas, kwa sababu tangu mwanzo limebeba utulivu ndani yake. Siku atakapopatikana mtu wa kumleta Epicurus wote kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kigiriki, atashukuru kwamba alizaliwa na neno raha.

Voluptas: neno pana kuliko sifa yake

Wengi waliosoma seminari wanalijua voluptas kama neno la dhambi. Wana sababu. Katika Luka 8:14 mbegu iliyoanguka penye miiba inasongwa na shughuli, mali na "voluptatibus vitae", na Biblia zetu zinasema anasa. Katika 2 Timotheo 3:4 wako "voluptatum amatores", wapendao anasa kuliko kumpenda Mungu. Tafsiri ya anasa hapo ni nzuri sana, na inatupa kanuni ya kufaa: voluptas ikiwa katika wingi, voluptates, na mwandishi ni Mkristo au mwanafalsafa anayeonya, anasa ndilo neno letu.

Ila Vulgata hiyohiyo, kazi ya mtafsiri Yeronimo, ina jambo ambalo wanaolichukia neno hili hulipita bila kuliona. Fungua Mwanzo 2:8: "Plantaverat autem Dominus Deus paradisum voluptatis a principio." Bustani ya Edeni, kwa Kilatini cha Vulgata, ni paradiso ya voluptas. Yeronimo alilichukua jina la Kiebrania Edeni akalitafsiri kwa maana yake. Adamu anapofukuzwa katika sura ya 3, anafukuzwa "de paradiso voluptatis". Toleo jipya la mwaka 1979, Nova Vulgata, limerudisha jina Eden pale 2:8, lakini kwa karne nyingi mtu yeyote aliyesoma Mwanzo kwa Kilatini alisoma kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyepanda voluptas. Na kwenye zaburi ya 35 kwa hesabu ya Vulgata, ya 36 kwa yetu, waaminifu wananyweshwa "torrente voluptatis tuae", kijito cha raha zako wewe Mungu.

Ukitoka kanisani ukaingia mtaani Roma, neno linapanuka zaidi. Cicero, yuleyule mpinzani, anakiri kwamba kila ajuaye Kilatini analiwekea voluptas mambo mawili: furaha katika moyo, na msisimko mtamu katika mwili. Lucretius anaanza shairi lake kubwa kwa kumwita mungu Venus "hominum divomque voluptas", raha ya wanadamu na miungu. Seneca, ambaye kama Mstoa, mfuasi wa falsafa iliyotaka hisia zitawaliwe na busara, alifundisha kwamba voluptas ni kilema cha roho, anaianza barua yake ya 59 kwa Lucilius akisema barua yako imenipa voluptas kubwa, kisha anaomba ruhusa kwa rafiki yake: niachie nitumie maneno ya watu wote, usiyapime kwa mizani ya Wastoa. Napenda sana sentensi hiyo. Mtu mwenye msimamo mkali kuliko wote anakubali kwamba kuna Kilatini cha darasani na kuna Kilatini cha kuandikiana na rafiki.

Katika serikali nako neno lilikuwa na kazi. Kaisari Tiberio, anavyosimulia Suetonius, aliunda ofisi mpya iliyoitwa "a voluptatibus", akamweka mtu wa kuisimamia. Karne za mwisho za dola kulikuwa na mkuu aliyeitwa tribunus voluptatum, mwangalizi wa michezo na maonyesho ya umma. Hapo voluptates ni burudani, bila lawama yoyote. Na mjini palikuwa na kihekalu cha Volupia, mungu wa kike wa raha, ambamo ilisimama sanamu ya mungu mwingine, Angerona, mdomo umefungwa na kutiwa muhuri. Walimtolea sadaka humo tarehe 21 Desemba.

Kwa hiyo voluptas ulichague lini? Lichague unapotafsiri falsafa, maana kwa "hedone" ya Wagiriki hilo ndilo neno rasmi, na Cicero anasema hakuna jingine linalolingana nalo kuliko hilo. Lichague unapozungumzia mwili: chakula, maji ya baridi, muziki masikioni, mapenzi. Lichague katika barua ya kawaida, kwa mtindo wa Seneca. Liache kwenye kitenge cha kwaya, kadi ya upadrisho, kaulimbiu ya shule na jiwe la kaburi. Halina uchafu, lakini msomaji wa kawaida wa leo atalipokea kupitia Luka na Timotheo, na hutakuwa pembeni yake kumweleza habari za Edeni.

Jambo moja la sarufi, kwa sababu nimeliona likiharibiwa mara nyingi. Voluptas ni jinsi ya kike, ngeli ya tatu: voluptas, voluptatis. Kwa hiyo ni "magna voluptas", kamwe si "magnus". Na njia nzuri ya Kirumi ya kusema "kusoma kunanipa raha" ni kuliweka neno katika hali ya kupewa: "legere mihi voluptati est", kwa maana ya kusoma kwangu ni kwa ajili ya raha. Anayeandika "legere est mea voluptas" ataeleweka, ila "voluptati est" ndiyo inayosikika kama mtu aliyeishi na lugha.

Gaudium: furaha inayoweza kusimama

Tarehe 8 Mei 2025 Kardinali Dominique Mamberti alitoka kwenye kibaraza cha Mtakatifu Petro kumtangaza Papa mpya, akasema "Annuntio vobis gaudium magnum". Maneno hayo yanafuata ya malaika kwa wachungaji katika Luka 2:10, "evangelizo vobis gaudium magnum", ambayo kwetu ni "furaha kuu". Ukitaka kuipima gaudium, jaribu kuweka voluptas mahali pake katika sentensi hiyo. Haikai.

Wastoa walilipenda neno hili kwa sababu maalumu. Cicero anaeleza katika Tusculanae disputationes kwamba roho ikiguswa kwa utulivu na uthabiti, ikiifuata busara, hiyo huitwa gaudium. Ikirukaruka ovyo bila msingi, hiyo ni laetitia iliyovuka mpaka. Seneca naye, katika barua ya 23, anamwambia Lucilius ajifunze kufurahi, kisha anaongeza: "Mihi crede, verum gaudium res severa est." Niamini, furaha ya kweli ni jambo zito.

Karne kumi na mbili baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alichora mpaka mwingine, na huu ndio ninaowapa wanafunzi kwanza kwa kuwa hausahauliki. Gaudium, anasema, ni ya kiumbe mwenye akili. Wanyama tunawapa delectatio tu. Mbuzi akifika kwenye majani mabichi baada ya kiangazi anapata delectatio. Mchungaji wake, akikumbuka kwamba alikaribia kuwapoteza wote na sasa wako wazima, ana gaudium. Majani ni yaleyale, mvua ni ileile.

Kwa hiyo gaudium ichague kwa ubatizo, upadrisho, jubilei, shukrani, tumaini. Ndilo neno la kwanza la hati ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili ya tarehe 7 Desemba 1965, Gaudium et spes. Kitenzi chake, gaudere, ndicho kilichoipa jina Jumapili ya tatu ya Majilio, Gaudete, padre anapoweza kuvaa rangi ya waridi. Na kwetu neno limeingia hadi kwenye vyeti vya ubatizo: akina Gaudensia na Gaudence waliojaa parokia za Tanzania wamebeba shina hilohilo. Sijawahi kukutana na Voluptas aliyebatizwa. Ninayemjua kwa jina hilo ni wa hadithini tu, binti wa Cupido na Psyche katika kitabu cha Apuleius.

Tahadhari ndogo: katika wingi, gaudia, washairi wa mapenzi kama Ovidius hulitumia kwa raha za kitandani. Ukiandika kadi ya harusi, bakia kwenye umoja.

Laetitia: ile inayoonekana usoni

Watu wengi huichukulia laetitia kama gaudium kwa jina jingine, na kamusi nyingi zinawaunga mkono kwa kuyapa yote mawili "furaha". Mimi nayatenga hivi: gaudium inaweza kukaa kimya ndani, laetitia imetoka nje. Tomaso analihusisha na kutanuka kwa moyo, kana kwamba linatokana na latus, pana. Sisi tuna picha hiyohiyo tayari. Mtu mkunjufu ni yule ambaye kilichokunjwa ndani yake kimekunjuka. Laetitia, kwa hiyo, ni ukunjufu, ni bashasha, na ikiwa ya watu wengi ni shangwe na nderemo.

Kuna picha ya shambani ndani ya neno hili ambayo mkulima ataielewa kuliko profesa. Laetus, mwenye laetitia, kwa Warumi lilikuwa pia neno la ardhi yenye rutuba na mazao yaliyostawi. Vergilius anaanza shairi lake la kilimo, Georgica, kwa kuuliza ni nini kinachofanya mazao kuwa "laetas". Mahindi yaliyonona, majani mapana ya kijani kibichi, hayo ni laetas. Na samadi inayoyafanya yawe hivyo waliiita laetamen, kitu cha kuleta laetitia. Mpaka leo Waitaliano wanaiita samadi letame. Ukiwa na shamba, au kikundi cha wakulima kinachotafuta jina la Kilatini, hili ndilo shina lenu. Hakuna sababu ya kuhangaika na mengine.

Jumapili ya nne ya Kwaresima inaitwa Laetare, kutoka "Laetare Jerusalem", na mwaka 2016 Papa Fransisko aliuita wosia wake wa kitume juu ya familia Amoris laetitia. Kwa harusi, basi, mimi huchagua laetitia mbele ya gaudium. Harusi ina vigelegele, ina watu wanaocheza barabarani, ina bibi aliyesahau mgongo wake unauma. Jina Letisia nalo ni lilelile.

Yaliyobaki, kwa haraka

Delectatio ni raha kwa upande wa mvuto wake. Augustino anaieleza vizuri kuliko mtu yeyote, akihubiri juu ya namna Baba anavyowavuta watu kwa Kristo. Anaanza na maneno ya mshairi, "trahit sua quemque voluptas", kila mtu huvutwa na raha yake, kisha anasema: "non necessitas, sed voluptas, non obligatio, sed delectatio". Mwonyeshe kondoo tawi bichi, anasema, utamvuta. Mtoto mwonyeshe karanga za mti, atavutwa. Angalieni kwamba Augustino, mtu aliyeogopa tamaa za mwili kama wachache walivyoogopa, hakuona aibu kulitumia voluptas kwa mvuto wa Mungu.

Iucunditas ni kupendeza kwa mazungumzo, kwa rafiki, kwa jioni. "Ecce quam bonum et quam iucundum", inaimba zaburi ya ndugu wakaao pamoja, vema na kupendeza. Linafaa kwa kikundi cha marafiki au wanafunzi waliomaliza shule pamoja.

Deliciae daima ni wingi, na ni kipenzi, tunu, kitu cha kudekezwa. Mshairi Catullus alimwita shomoro wa mpenzi wake hivyo. Ukimwandikia mpenzi, "deliciae meae" ni salama na tamu, ingawa Plautus angekupa pia "mea voluptas", na baina ya wapendanao hilo halina kosa.

Libido liogopwe na anayetaka kusema raha, kwa sababu si raha kabisa. Ni uchu, ni ashiki, hamu kabla haijatimizwa. Nimeliona limewekwa kwenye tafsiri ya "furaha ya kuishi" na nikaumia.

Tuyajaribu kwenye sentensi

"Nimefurahi sana kupata barua yako." Hapa voluptas inaongoza: "Magnam ex epistula tua voluptatem cepi." Ni adabu ya kawaida ya Kirumi.

"Nimefurahi umefika salama." Nomino haihitajiki, kitenzi kinatosha: "Gaudeo te salvum venisse."

"Karibuni, tutawapokea kwa furaha." Wengi huandika "cum gaudio". Si kosa, lakini Mrumi angesema neno moja, "libenter", kwa moyo mkunjufu.

"Usinunue raha kwa maumivu." Horatius alikwisha kutusemea: "nocet empta dolore voluptas", raha iliyonunuliwa kwa maumivu hudhuru. Badili hapo uweke gaudium na methali yote inaanguka, maana gaudium hainunuliki kwa namna hiyo.

"Mungu amlaze mahali pa raha." Requies. Ukiniuliza mara mia nitajibu requies.

Kwa wanaoimba, matamshi. Voluptas linatusaidia: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, vo-LUP-tas, kama tulivyozoea. Gaudium linatukwaza, kwa sababu ulimi wetu unataka gau-DI-um, na sahihi ni GAU-di-um. Ile kwaya ya jubilei ilinichukua jioni mbili kuwaondoa kwenye DI, tukipiga kofi moja kwa kila GAU. Laetitia kanisani husomwa le-TI-tsi-a.

Nimesema mengi ya kutoka Kiswahili kwenda Kilatini. Kuna safari moja ya kurudi ambayo ningependa anayelidharau voluptas aisome kabla hajalifuta kwenye daftari lake. Katika kitabu cha nane cha Aeneis, shairi jingine la Vergilius, mzee Evander anaagana na mwanawe Pallas, anayekwenda vitani. Amemshika mkono, hamwachii. Anaomba: kama nitamwona tena, nipewe uhai, nitavumilia taabu yoyote, kama kuna baya linakuja, nife sasa, nikiwa bado nimekukumbatia, "care puer, mea sola et sera voluptas". Pallas anauawa katika kitabu cha kumi. Nimejaribu kuiweka furaha hapo, ikawa nyepesi. Nimejaribu tunu, ikawa baridi. Ninayoiandika kila mara, na ambayo sijaibadilisha, ni hii: mwanangu mpenzi, raha yangu ya pekee, raha niliyoipata uzeeni.